Majivuno Anapojisemea: Kisa cha Darasa Moja na Mhusika Asiyependwa

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha darasa la Kiswahili la Kidato cha Tatu, katika shule moja ya sekondari ya serikali mkoani Tanga, ambapo wanafunzi walitakiwa kuandika kwa nafsi ya mhusika wa riwaya badala ya kuandika habari zake. Riwaya ilikuwa Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, na mhusika alikuwa Waziri Majivuno, yule anayemshtaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya uanasheria. Kazi yenyewe ilielezwa kwa maneno machache: ni usiku wa siku ile Karama, akijitetea barazani mbele ya Mfalme, alipomaliza kusimulia kisa cha Buruhani, wa kwanza kati ya wajumbe waliotumwa nje ya nchi wakaadhibiwa waliporudi, Majivuno amekwisha kurudi nyumbani, andika anayoyawaza, yasizidi ukurasa mmoja na nusu.

Kitabu hicho hakikuwamo katika orodha ya mtihani wao, na hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kukichagua, kwa kuwa hawakuwa wamekwisha kukariri uchambuzi wake. Sababu nyingine ni kwamba mtunzi ni mwenyeji wa huku, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, na maktaba ya shule ilikuwa na nakala za kutosha angalau kwa vikundi. Lakini sababu kubwa ilikuwa ugumu wa kitabu chenyewe kwa kazi ya namna hii. Kusadikika ni nchi iliyoko angani, ambayo mipaka yake ni pepo: Matlai, Kusi, Kaskazi na Umande. Watu wake wamepewa majina ya tabia, na msimulizi wake hafichi anampenda nani na anamchukia nani. Mwanafunzi anayeweza kuingia ndani ya mtu kama Majivuno na kutoka na maandishi yenye uhai hatapata shida kubwa kwa wahusika wa riwaya zinazofanana zaidi na maisha ya kila siku.

Rasimu za kwanza zilipokusanywa, nyingi zilikuwa na sura moja. Iliyoonyesha tatizo kwa uwazi zaidi iliandikwa na msichana aliyekuwa akiongoza darasa katika karibu kila jaribio la fasihi. Ilianza hivi: “Mimi naitwa Waziri Majivuno. Mimi ni mtu katili, mwenye kiburi na mbinafsi. Siwapendi wananchi wa Kusadikika na ninafurahi wanapoonewa. Leo Karama ameeleza ukweli lakini mimi sitaki haki itendeke katika nchi yetu.” Kisarufi hapakuwa na la kusahihisha. Kila sifa iliyotajwa ingeweza kuthibitishwa kwa mfano kutoka kitabuni. Hata hivyo, hakuna binadamu anayekaa kitandani usiku akajihesabia maovu yake kwa mpangilio huo, labda awe anatubu, na Majivuno hatubu.

Msichana huyu alikuwa amefanya kile alichofundishwa kwa miaka mitatu. Maswali ya fasihi katika shule zetu humtaka mwanafunzi ataje sifa za mhusika na kuzitolea mifano, na miongozo inayouzwa kando ya barabara humpa sifa hizo zikiwa zimepangwa tayari: mhusika huyu ni mwoga, yule ni mpenda haki, huyu ni msaliti. Alipoambiwa aandike kwa nafsi ya kwanza, aliichukua orodha ileile akabadilisha kiambishi tu, “yeye ni katili” ikawa “mimi ni katili”. Ndiyo maana wanafunzi bora wa kujibu mitihani ndio walioandika vibaya zaidi katika zoezi hili. Wale ambao orodha hawakuwa nayo kichwani walilazimika kubuni, na katika kubuni kwao, japo kwa makosa mengi ya tahajia, kulikuwa na mtu anayevuta pumzi.

Msimulizi wa Shaaban Robert naye alichangia. Huyu ni msimulizi maizi, ajuaye yote, na zaidi ya kujua huhukumu; anapomtaja mtu mwema humsifu kwa sentensi ndefu, na anapotaja dhuluma huilaani bila kuzunguka. Msomaji anapofunga kitabu huwa amebeba hukumu hiyo kama yake mwenyewe. Tatizo ni kwamba Majivuno hajasoma kitabu kinachomhusu. Hajui kwamba yumo katika hadithi, hajui kwamba msimulizi hampendi, na zaidi ya yote hajui kwamba mwisho Karama ataachiwa na wafungwa watafunguliwa. Rasimu kadhaa zilimfanya aseme usiku ule wa kwanza, “najua nitashindwa kesi hii,” jambo ambalo wakati huo hakuna aliyelijua barazani, hata Mfalme.

Majadiliano juu ya rasimu hizo yalikwama mapema kwa swali la mvulana mmoja: “Mwalimu, kama jina lake ni Majivuno, ataachaje kujivuna?” Swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Nilimjibu kwa kuwauliza wanafunzi ni wangapi wana ndugu au jirani anayeitwa Shida, Tabu au Mashaka, na mikono ikanyanyuliwa. Je, Shida anapoamka asubuhi huwaza kwamba yeye ni shida ya watu? Jina ni la anayekuita. Wewe unaliitikia tu. Katika Kusadikika mtunzi ametaka msomaji alisikie jina na kulielewa, lakini ndani ya nchi ile waziri huyu ameitwa hivyo tangu utotoni, na likitamkwa barazani husikia cheo chake, wala hasikii lawama. Walielewa haraka. Nilichoona baadaye ni kwamba hoja hii ilifungua mlango kuliko maelezo yoyote ya nadharia ya usimulizi ambayo ningeweza kuyaandika ubaoni.

Kulikuwa na makosa mengine ambayo hayahitaji maelezo marefu. Mwanafunzi mmoja alimfanya Majivuno ampigie simu mkuu wa polisi. Wachache walimfanya atubu papo hapo, alie, na kuahidi kwamba kesho atamwombea Karama msamaha, ilhali mashtaka yanaendelea na utetezi wa Karama bado una wajumbe wengine wa kuwataja. Huyu mwenye kutubu ni ndugu pacha wa yule mwenye kujilaani. Wote wawili wamezaliwa na haraka ya mwanafunzi kumhakikishia mwalimu kwamba yeye yuko upande wa wema.

Hatua iliyofuata haikuwa ya kuandika. Tulimkalisha Majivuno kitini. Kiti kiliwekwa mbele ya darasa, na aliyekikalia alikuwa Majivuno mpaka atakapoinuka. Wengine walimhoji kama watu wa Kusadikika waliokutana naye baada ya baraza kuvunjika. Zoezi hili hufanywa na walimu wengi, na mara nyingi huharibika kwa sababu wahoji huuliza “kwa nini wewe ni mkatili?” na mhojiwa hana la kufanya ila kurudia orodha ya sifa. Kwa hiyo yaliwekwa masharti mawili. La kwanza, swali lisiwe na sifa ndani yake. Liulize jambo lililotendeka, mahali, mtu au saa. La pili, baada ya kila jibu mhojiwa aseme kama jambo hilo limeandikwa kitabuni, amelikisia kutokana na yaliyoandikwa, au amelibuni. Katibu wa darasa aliyaandika majibu ubaoni katika safu tatu kulingana na kauli hiyo.

Yule msichana alikaa kitini akiwa wa nne au wa tano. Maswali ya mwanzo aliyajibu kwa ufupi na kwa heshima, kama anayejibu mtihani wa mdomo. Kisha kijana wa nyuma akamuuliza: “Mheshimiwa Waziri, siku Buruhani aliporudi safarini, wewe ulikuwa wapi?” Alinyamaza. Akafungua kitabu, akasoma kidogo, akakifunga. Akasema alikuwapo barazani. Akaulizwa kama alimtazama. Akajibu, kwa sauti iliyoanza kuwa na ukali kidogo, kwamba barazani watu hawatazamani usoni, kila mmoja humtazama Mfalme. Aliposema hivyo darasa lilitulia, kwa kuwa hapo tulikuwa tumemsikia waziri. Katibu aliuliza aiandike katika safu gani, na mwenyewe akajibu: “Nimebuni, lakini hakuna mahali kitabu kinanikataza.”

Jibu hilo lilituwezesha kutamka kanuni ambayo darasa lilikuwa likiitafuta bila kuijua. Kubuni kunaruhusiwa pale kitabu kiliponyamaza, na hakuruhusiwi pale kilipokwisha kusema. Kitabu hakisemi Majivuno alikula nini usiku ule, wala kama ana mke, wala kama analala upesi. Hayo ni ya mwandishi kuyajaza. Lakini kimesema kwamba ndiye mshtaki, kwamba Buruhani alirudi na kuadhibiwa badala ya kushukuriwa, na kwamba Karama amepewa nafasi ya kujitetea. Anayeandika hawezi kuyageuza hayo kwa ajili ya kumfanya mhusika wake apendeze.

Swali zito zaidi lilibaki: Majivuno anajiambia nini kuhusu kosa la Karama? Katika safu ya mambo yaliyokisiwa, wanafunzi walikuwa wameandika “anaogopa watu wakijua sheria watamshinda”. Hiyo ni sababu aionayo msomaji kutoka nje. Niliwataka watafute sababu ambayo Majivuno mwenyewe angeweza kuitamka mbele ya Mfalme bila aibu. Mjadala ulikuwa mrefu, na baadhi ya hoja zilizotoka zilinishangaza kwa uzito wake. Nchi iliyoning’inia hewani, ikapakana na pepo pande zote, alisema mmoja, haina budi kushikwa na mkono mmoja imara. Mwingine alisema kwamba kila mshtakiwa akipata wa kumsemea, kesi za Kusadikika hazitakwisha mpaka Kiama. Wa tatu, ambaye baba yake ni mwenyekiti wa kijiji, alisema kwa utulivu kwamba Karama alianza kufundisha bila kuomba kibali, na kwamba kiongozi yeyote anayemjua huchukizwa kwanza na kutokuombwa kibali kabla hajafikiria ubaya wa jambo lenyewe. Hii ya tatu ndiyo iliyotumiwa zaidi katika rasimu za pili. Nadhani ilipendwa kwa sababu ni ndogo. Mtu huweza kumtesa mwenzake kwa sababu kubwa za dola, lakini usiku, akiwa peke yake, kinachomkera huwa ni kwamba fulani hakumwamkia.

Kabla ya kuandika upya, kila mwanafunzi alitakiwa aamue jambo moja zaidi: Majivuno anamwambia nani maneno haya? Walipewa nafasi nne: anaandika shajara, anamwandikia Mfalme barua, anazungumza na mkewe, au anafanya uzungumzi nafsi pasipo msikilizaji yeyote. Uamuzi huu huonekana wa juu juu, lakini ndio unaoamua kitakachofichwa. Waliochagua barua kwa Mfalme waliona mara moja kwamba neno “ninaogopa” haliwezi kuandikwa humo, na kwamba hofu lazima ipenye kwa njia nyingine, pengine kwa kumsifu Mfalme kupita kiasi au kwa kulitaja jina la Karama mara nyingi mno. Waliochagua mke walipata msaada wa mtu anayeweza kuuliza swali lisilotakiwa. Waliochagua uzungumzi nafsi, ambao ulionekana rahisi kuliko yote, ndio waliorudi kwa urahisi kwenye maungamo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumficha kitu. Kwa darasa linaloanza, ningetanguliza barua.

Kuhusu lugha, palitokea kishawishi ambacho yeyote aliyesoma Shaaban Robert atakitambua. Wahusika wake wote huongea kwa ufasaha uleule, sentensi zikiwa na mizani na tamathali, mshtaki na mshtakiwa pia; huwezi kumtofautisha Majivuno na Karama kwa namna ya kusema. Wanafunzi kadhaa waliona njia ya kumpata Majivuno ni kujaza “ewe”, “lahaula” na methali tatu katika kila aya. Tulikubaliana kwamba sauti ya mhusika wetu itoke katika yale anayoyaona na yale anayoyaruka, na maneno yawe Kiswahili sanifu cha heshima kinachomfaa mtu wa baraza. Waziri huona nani amekaa karibu na nani, nani amesimama alipopita, nani amekohoa wakati wa hotuba yake. Hayaoni machozi ya wafungwa kwa sababu hajawahi kwenda gerezani kuwatazama.

Rasimu ya pili ya yule msichana, ambayo mwenyewe aliiandika kama shajara, ilikuwa na sehemu hii: “Leo nilipotoka barazani hakuna aliyenifuata mpaka mlangoni. Pengine ni jua lilikuwa kali. Jina la Buruhani nilikuwa nimelisahau, na sikuona ubaya kulisahau, kwa kuwa jambo likishaamuliwa halina haja ya kukumbukwa. Karama alipolitaja, Mfalme aliinamisha kichwa. Kama alikuwa amechoka, ni heri. Kama alikuwa anasikiliza, kesho sina budi nisimame mapema kabla mtu huyu hajafungua kinywa. Mtu asiyeniomba hata ruhusa ya kufungua darasa anaombwaje leo na Mfalme asimulie hadithi? Nilijua kwamba ninamdhulumu Buruhani, lakini nchi ilitulia baada yake.”

Kuna mambo kadhaa ya kutazamwa katika sehemu hii fupi. Kichwa cha Mfalme kilichoinama kimebuniwa, na kimebuniwa vizuri, kwa sababu kinamweka Majivuno katika hali ya kutojua. Anaona ishara moja yenye maana mbili, na namna anavyoisoma inatueleza juu yake kuliko sifa zote za rasimu ya kwanza. Kiburi kipo, lakini sasa kimo katika sentensi ya jua kali: mtu ameachwa peke yake na hataki kuliona hilo, hivyo analaumu hali ya hewa. Ukatili upo katika kusahau. Neno “katili” halikutajwa, wala “kiburi”, na msomaji yeyote wa darasa lile aliyasema yote mawili mara tu yaliposomwa. Sentensi ya mwisho ina tatizo, nami nitairudia.

Mwalimu mwenzangu wa Historia, aliyesikia baadhi ya maandishi yakisomwa kwa sauti, alitoa pingamizi ambalo halikustahili kupuuzwa. Alisema tunawazoeza watoto kumtetea mdhalimu, na kwamba mmoja wao alipomaliza kusoma, darasa lilimpigia Majivuno makofi. Ni kweli makofi yalipigwa. Kwa sehemu yalikuwa ya kumpongeza msomaji, lakini kwa sehemu, nadhani, hoja za waziri zilikuwa zimewaingia. Dawa aliyoipendekeza, yaani kila andiko limalizike kwa mhusika kukiri kosa, ingeturudisha palepale tulipoanzia. Badala yake, baada ya kila andiko kusomwa, wasikilizaji waliandika sentensi moja kwa nafsi yao wenyewe wakijibu: ni jambo gani ambalo Majivuno huyu hataki kulitazama? Hivyo hukumu ya mwandishi na hukumu ya mhusika zilipata mahali tofauti pa kukaa. Mwanafunzi aliyempigia waziri makofi ndiye aliyeandika kwamba katika ukurasa mzima hakuna mahali waziri amejiuliza kama aliyoyaleta Buruhani yalikuwa na faida kwa nchi. Mwalimu wa Historia hakuridhika kabisa, na hoja yake bado ina nguvu kwa madarasa yenye wanafunzi wadogo zaidi.

Yapo mipaka ambayo mimi siivuki. Katika vitabu vinavyosomwa shuleni wamo wahusika wanaowaharibu watoto, wanaobaka au wanaopiga wake zao mpaka kuwaumiza. Simpi mwanafunzi kazi ya kuingia katika nafsi ya mtu wa namna hiyo, kwa kuwa katika darasa la wanafunzi zaidi ya sitini mwalimu hajui ni nani kati yao anaishi nyumba moja na mtu kama huyo. Vilevile, hata kwa Majivuno, yeyote aliyeomba kubadilishiwa mhusika alibadilishiwa bila kuulizwa sababu. Walioomba walipewa mlinzi wa mlango wa baraza, ambaye kitabu hakimshughulikii, na mmoja wao aliandika ukurasa wa kuchekesha sana kuhusu viatu vya mawaziri.

Usahihishaji ulihitaji mizani mpya. Kazi ilikuwa na alama 20: 8 kwa kukifuata kitabu, pamoja na kumweka mhusika katika usiku wake bila kumpa ujuzi wa siku zijazo, 6 kwa sababu za mhusika kuwa sababu zake kweli, na 6 kwa lugha. Kwa mizani hii, mvulana aliyechanganya “l” na “r” ukurasa mzima alipata 17, naye msichana anayeongoza darasa akapata 15. Alikuja ofisini na daftari lake.

Nilimwonyesha ile sentensi ya mwisho, “nilijua kwamba ninamdhulumu Buruhani”. Nilimwambia kwamba hapo sauti yake mwenyewe imerudi, na kwamba Majivuno tuliyemjenga kitini asingelitumia neno dhuluma kwa kitendo chake. Hakukubali. Alisema kwamba shajara haina msomaji, kwamba mtu mwongo mbele ya watu huweza kuwa mkweli usiku mmoja, na kwamba kama Majivuno hajui kabisa kwamba amedhulumu, basi kuogopa kwake Karama hakuna maana, kwa sababu anayeogopa kesi anajua kuna kesi. Hoja ilikuwa nzito. Nilimjibu kwamba ujuzi wa namna hiyo unaweza kuwamo ndani ya mtu bila kupata neno, na kwamba sentensi iliyotangulia, ile ya kichwa cha Mfalme, ilikuwa imekwisha kuuonyesha. Alama sikuzibadili, wala yeye hakubadili mawazo. Aliomba aiandike tena, safari hii kama barua kwa Mfalme, ambamo sentensi ile haingeweza kuwepo hata angetaka, ili aone hofu ya waziri itatokea wapi.

Barua aliileta wiki iliyofuata. Ndani yake Majivuno anamshauri Mfalme, kwa adabu nyingi, kwamba joto la barazani si zuri kwa afya yake na kwamba huenda ingefaa Karama asikilizwe na mawaziri peke yao.